Maswali ya Wasomaji: Kaunti za Kale za Uingereza na Majimbo ya Bunge

Majimbo mapya ya Bunge la Uingereza yalitumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Julai 2024. Tangu hapo wasomaji walioko huko wamekuwa wakituandikia kuhusu hoja inayozuka kila mipaka inapoguswa: kwa nini majimbo yasichorwe ndani ya kaunti za zamani, zile zilizokuwapo kabla ya halmashauri za leo? Tumechagua maswali saba. Tunaposema jimbo, wasomaji wa Kenya waelewe eneobunge. Na kata ndiyo wadi.

SWALI (Harrow): Shikamoo mhariri. Mzee jirani yangu huandika "Middlesex" kwenye kila bahasha. Nimeitafuta halmashauri ya Middlesex sijaiona. Kaunti hii ipo au haipo?

JIBU: Marahaba. Kwenye ramani ya kale na vinywani mwa watu ipo. Ofisi ndiyo haina. Baraza lake lilivunjwa tarehe 1 Aprili 1965, London ilipopanuliwa. Kodi ya nyumba unailipa Harrow, na posta hawatamrudishia mzee barua zake kwa kuandika Middlesex, kwa hiyo mwache.

Shida ni kwamba huko neno kaunti limebebeshwa mizigo minne. Kuna kaunti za kale, nyingine zina umri wa zaidi ya miaka elfu: 39 za England, 13 za Wales, 34 za Scotland na 6 za Ireland Kaskazini. Kuna kaunti za utawala zilizoundwa kwa sheria ya 1888, ambazo ndizo zilizoanza kuipinda mipaka ya kale hapa na pale. Kuna za tarehe 1 Aprili 1974, siku ambayo Slough ilitolewa Buckinghamshire ikapewa Berkshire, Bournemouth ikatoka Hampshire ikaingia Dorset, na Abingdon ikatoka Berkshire ikaenda Oxfordshire. Halafu kuna kaunti za heshima, kila moja na mwakilishi wake wa Mfalme, kwa sheria ya 1997. Mtu akikwambia "majimbo yafuate kaunti", muulize kwanza: zipi?

Sheria ya majimbo, kwa upande wake, inazitaja halmashauri na kata za sasa tu. Kaunti ya kale imeachiwa mlango mmoja mdogo, nao ni kifungu kinachoiruhusu Tume ya Mipaka, ambayo ndiyo huchora majimbo, kuzingatia mafungamano ya wenyeji. Huko ndiko hoja zote za Middlesex, Rutland na wenzao hupitia.

SWALI (Mombasa): Huku kwetu kila eneobunge limo ndani ya kaunti yake. Waingereza ndio wenye neno kaunti tangu zamani. Wao wanashindwaje?

JIBU: Hawakushindwa siku zote. Hadi uchaguzi wa 2010, kanuni ya kawaida England ilikuwa jimbo lisivuke mpaka wa kaunti ya utawala, na idadi ya wapiga kura ikaribie wastani kadiri inavyowezekana. Sheria ya 2011 iliugeuza mpangilio huo: hesabu ikatangulia, mipaka ikafuata. Sheria ya 2020 ilibadilisha mengine ila hilo haikuligusa.

Hesabu yenyewe ni hii. Walichukua wapiga kura wote walioandikishwa kufikia tarehe 2 Machi 2020, wakawatoa wa majimbo matano ya visiwa yanayolindwa na sheria, waliobaki wakawagawa kwa 645. Ikatoka 73,393. Jimbo linaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa asilimia 5 tu, yaani kuanzia wapiga kura 69,724 hadi 77,062. Kati ya chini na juu pana watu 7,338, na katika miji mikubwa kata moja peke yake inaweza kuwa na watu mara mbili ya hao.

Sasa chukua kaunti yenye wapiga kura 250,000. Ukiipa majimbo matatu, kila moja litakuwa na 83,333. Ukiipa manne, 62,500. Yote yako nje ya sheria, na hakuna fundi wa ramani atakayeliokoa hilo. Jimbo moja linataka kaunti yenye wapiga kura 69,724 hadi 77,062. Mawili yanataka 139,448 hadi 154,124. Matatu 209,172 hadi 231,186. Manne 278,896 hadi 308,248. Katikati ya makundi hayo ni mashimo, na kaunti iliyotumbukia shimoni lazima iunganishwe na jirani yake. Kaunti inavyokuwa kubwa ndivyo mashimo yanavyobanana, hadi kwenye 697,240 yanaisha kabisa. Sababu yake: majimbo kumi yaliyojazwa hadi juu yanabeba 770,620, na majimbo 11 yaliyo mepesi kabisa yanahitaji 766,964, kwa hiyo hesabu ya kumi inapoishia, ya kumi na moja imeshaanza.

Ikariri hiyo 697,240. Yorkshire, Lancashire, Middlesex na Kent ya kale zimeipita kwa mbali; hizo unaweza kuzichora peke yake bila kumgusa jirani. Rutland yenye wakazi wapatao 41,000, wakiwemo watoto, haifikishi hata jimbo moja. Ndiyo maana leo iko kwenye jimbo la Rutland and Stamford, na Stamford ni mji wa Lincolnshire.

Ukilegeza kipimo kutoka asilimia 5 hadi 10, ile 697,240 inashuka hadi 330,270. Ukienda asilimia 30, inashuka hadi takriban 102,750. Hapo ndipo Kenya inapopata nafuu. Katiba ya 2010 inaruhusu tofauti ya asilimia 30, na 40 kwa miji na maeneo yenye watu wachache, tena inahesabu wakazi wote badala ya walioandikishwa. Kwa sensa ya 2009 watu 38,610,097 waligawanywa kwa maeneobunge 290, wastani ukawa 133,138. Hata kwa ulegevu huo, maeneobunge 27 yalibaki chini ya kiwango yakahitaji kulindwa. Kwa hiyo anayezitaka kaunti za kale Uingereza asianze na ramani. Aanze kwa kutaja asilimia anayoitaka, kisha aeleze kwa nini kura ya mtu wa kaunti ndogo iwe na uzito kuliko ya jirani yake.

Waskoti wa zamani walikuwa na dawa yao. Kuanzia 1708 hadi 1832 kaunti za Bute na Caithness zilipokezana mbunge: uchaguzi huu anatoka kwako, ujao anatoka kwangu. Nairn na Cromarty zilifanya vivyo hivyo, na Clackmannan na Kinross pia. Kaunti haikuvunjwa, ila kwenye kila Bunge la pili ilikaa bila mtu.

SWALI (Coventry): Nasoma jiografia chuoni. Nataka kuichora ramani hiyo mwenyewe kwenye kompyuta: majimbo 650 ndani ya kaunti za kale. Nianzie wapi, na nitakwama wapi?

JIBU: Pakua QGIS, programu ya ramani; ni ya bure na inatosha. Unahitaji tabaka mbili za ramani na jedwali moja. Mipaka ya kaunti za kale utaipata kwa Historic County Borders Project, au ndani ya Boundary-Line, data ya mipaka ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa. Mipaka ya kata inatoka Ofisi ya Takwimu ya Taifa. Jedwali la wapiga kura wa kila kata linatoka kwa Tume ya Mipaka. Angalia sana toleo la kata. Tume ilitumia zilizokuwapo, au zilizokuwa zimeshapitishwa kuja, kufikia tarehe 1 Desemba 2020. Ukichukua kata za mwaka huu na wapiga kura wa 2020, mamia ya kata yatakosa namba na utadhani programu imeharibika.

Kabla ya lolote, weka tabaka zote kwenye mfumo wa gridi ya Uingereza, namba yake EPSG:27700, unaopima kwa mita. Ramani nyingi za mtandaoni huja kwa digrii. QGIS itakuonyesha tabaka zote mbili zimekaa sawasawa machoni, lakini ukikokotoa eneo utapata namba za ajabu, na kukata tabaka moja kwa nyingine kutagoma au kutatoa vipande vya uongo.

Unganisha jedwali na ramani kwa msimbo wa kata, ule wa herufi moja na tarakimu nane unaoanza na E05 kwa England. Usiunganishe kwa jina. Kata zinazoitwa Castle au Abbey zimejaa nchi nzima, na programu itakupa ya kwanza iliyoikuta. Kosa lingine la hapa ni mkato wa maelfu: "6,215" husomwa kama maneno, na ukijumlisha unapata sifuri. Ondoa mikato kwenye jedwali kabla ya kulipakia.

Kisha kata tabaka la kata kwa mstari wa kaunti za kale. Utapata vipande vingi vyembamba kama uzi. Mistari ya kale ilinakiliwa kutoka ramani za karatasi, na mito imehama tangu wakati huo, kwa hiyo haitalala juu ya mstari wa leo hata pale mpaka ulipo uleule. Kipande kisichofika asilimia 1 ya eneo la kata, na kisicho na nyumba, kirudishe kwenye kipande kikubwa. Usivifute, maana ukifuta unaacha matundu kwenye ramani.

Zinabaki kata zilizokatwa kweli, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usigawe wapiga kura kwa ukubwa wa ardhi. Tuseme kata ina wapiga kura 6,000, na mstari wa kale umeacha asilimia 60 ya ardhi upande wa mashariki. Kwa eneo utaipa mashariki 3,600. Lakini mashariki ni mashamba na uwanja wa gofu. Nyumba zimesongamana magharibi, na hesabu ya kweli inaweza kuwa 800 kwa 5,200. Makosa mawili ya namna hiyo ndani ya jimbo moja yameshakula 5,600 kati ya nafasi yako ya 7,338. Tumia nukta za misimbo ya posta: kila msimbo una wastani wa anwani 15 hivi, kwa hiyo ukihesabu nukta za kila upande unapata uwiano wa kuaminika. Bora zaidi ni maeneo ya vituo vya kupigia kura, ambayo halmashauri huyapangia wapiga kura wake. Ukiyapata, yatumie hayo.

Sasa jumlisha kwa kaunti, gawanya kwa 73,393, upate haki ya kila moja. Iliyopata karibu na namba kamili iache peke yake. Iliyopata kama 3.4 itafutie jirani atakayeikamilisha. Mwenye 3.4 akiungana na mwenye 2.6 wanapata 6.0, na jimbo moja tu ndilo litakalovuka mpaka kati yao. Jitahidi makundi yawe ya kaunti mbili, si tatu. Ukifika tatu, fungua karatasi mpya.

Kuchora majimbo yenyewe, anza pembeni: pwani, rasi, mpaka wa Scotland, mahali ambapo kata haina jirani wa kuchagua. Ukianza katikati ya mji, ambako kila kitu kinaungana na kila kitu, majimbo yako matano ya kwanza yatapendeza kweli, kisha utabaki na kata nne za ufukweni zenye wapiga kura 31,000 zisizo na pa kwenda. Kwa kaunti kubwa, tumia migawanyo yake ya kale kama hatua ya kati. Yorkshire ina sehemu tatu. Lincolnshire ina Lindsey, Kesteven na Holland.

Miji mikubwa itakutesa. Kata yenye wapiga kura 17,000 ni ya kawaida huko. Nne ni 68,000, hazifiki. Tano ni 85,000, zimepita. Huna budi kupasua kata moja, na jambo hilo Tume hulifanya kwa shingo upande. Halafu wewe uko karibu na Birmingham, mji uliokalia kaunti tatu za kale. Katikati ya mji ni Warwickshire kama Coventry yako, Northfield na Yardley ni Worcestershire, Handsworth ni Staffordshire. Ukiifuata ramani ya kale kikamilifu, halmashauri moja itakuwa na majimbo yaliyokatwa na mistari ambayo mkazi haioni popote, si kwenye kibao, si kwenye basi, si kwenye bili ya kodi.

Mwisho, kagua kila jimbo kwa macho. Je, unaweza kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kupita jimbo la mtu? Mto usio na daraja kwenye skrini ni mstari mwembamba tu. Kwa gari ni safari ya nusu saa.

SWALI (Leeds): Hizo kaunti za kale ni za mwaka gani hasa? Naona ramani mbili na hazifanani.

JIBU: Umegusa kidonda. Wanaozipenda husema hazijabadilika, lakini lazima uchague tarehe, na kila tarehe ina watu wake.

Tazama Todmorden, si mbali na kwako. Ukumbi wa mji ulifunguliwa 1875 ukiwa umejengwa juu ya kijito, na kijito hicho ndicho kilichokuwa mpaka wa Lancashire na Yorkshire. Mpaka ulipita chini ya sakafu. Ukisimama nje ukainua macho, utaona sanamu zilizochongwa juu ya nguzo: upande mmoja kazi za pamba za Lancashire, upande mwingine kilimo na uhandisi wa Yorkshire. Sheria ya 1888 ikaupeleka mji mzima Yorkshire. Ukitumia mstari wa kabla ya 1888 unaupasua mji. Ukitumia wa baada yake umeshakubali kwamba Bunge linaweza kuhamisha mpaka, na hoja yako dhidi ya 1974 imelegea.

Halafu kuna vipande vilivyojitenga na kaunti zao. Hadi sheria ya 1844, Holy Island, ambayo iko kwenye pwani ya Northumberland, ilikuwa mali ya Durham. Dudley ilikuwa ya Worcestershire huku imezungukwa na Staffordshire. North Woolwich iko kaskazini mwa Thames, upande wa Essex, lakini ilikuwa Kent hadi 1965; mkazi wake alivuka kwa kivuko, cha bure tangu 1889, kwenda kukutana na kaunti yake. Ramani zako mbili pengine zinatofautiana hapo. Historic County Borders Project hutoa matoleo mawili: moja linaacha kila kipande kwenye kaunti yake ya asili, jingine linakikabidhi kwa kaunti inayokizunguka. Kwa majimbo chukua la pili. La kwanza ni sahihi kihistoria na halina faida kwa mpiga kura yeyote.

Na kuna mahali ambapo ukale unaumiza wazi. Na h-Eileanan an Iar, visiwa vya magharibi vya Scotland, ni moja ya majimbo matano yanayolindwa, lenye wapiga kura wapatao 21,000 tu. Kwa kaunti za kale, Lewis ni ya Ross-shire na Harris ni ya Inverness-shire. Lewis na Harris ni kisiwa kimoja. Mstari wa kale ungekikata katikati na kuvipeleka vipande vyake bara, kila kimoja kwa mbunge wa ng'ambo ya bahari. Kinyume chake ni Ynys Môn huko Wales: jimbo la leo ndilo kaunti ya kale ya Anglesey, na hakuna anayelalamika.

SWALI (Plymouth): Huku watu walikuwa wakilisema "Devonwall" kama tusi. Lilikuwa nini, na limeishia wapi?

JIBU: Lilikuwa jimbo la kuunganisha kipande cha Devon na kipande cha Cornwall kwa kuvuka mto Tamar, mpaka ambao husemwa uliwekwa na mfalme Athelstan karne ya 10. Sheria ya 2011 ilipunguza wabunge kutoka 650 hadi 600. Wabunge wakipungua wastani unapanda, na Cornwall ikatoka kwenye namba kamili ikaangukia kwenye lile shimo tulilomweleza msomaji wa Mombasa. Waziri Mkuu David Cameron aliwajibu waliolalamika kwamba Tamar si Amazon, jibu ambalo Cornwall hawajalisahau. Mapendekezo ya 2018 yaliliita jimbo hilo Bideford, Bude and Launceston. Hayakutekelezwa. Sheria ya 2020 ilirudisha 650, na Cornwall pamoja na visiwa vya Scilly ikaenea majimbo sita bila kuvuka mto.

Tamar haikuokolewa na historia, iliokolewa na hesabu iliyoangukia vizuri. Na kuna mto uliookoka vilevile, walau hapo Runcorn, bila hata kuombewa: Mersey, mpaka wa kale wa Lancashire na Cheshire. Kabla ya 2024 jimbo la Halton liliikalia Widnes upande huu na sehemu ya Runcorn upande ule. Mapitio mapya yakayatenga: Widnes and Halewood kaskazini, Runcorn and Helsby kusini. Tume haikuwa ikitafuta kaunti za kale. Namba zilikaa hivyo. Runcorn and Helsby ndilo lililopata mbunge kwa tofauti ya kura 6 kwenye uchaguzi mdogo wa tarehe 1 Mei 2025, kwa hiyo anayedhani kuhamisha mtaa mmoja ni jambo dogo afikirie tena.

SWALI (Leicester): Mimi ni Mtanzania mwenye kibali cha kuishi, si raia wa Uingereza. Je, nahesabiwa kwenye hiyo 73,393?

JIBU: Kama uliandikishwa kufikia 2 Machi 2020, ndiyo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura kwenye uchaguzi mkuu wakifikisha miaka 18. Hiyo ni Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Msumbiji. Burundi, Kongo na Oman hazimo. Wa huko hupata haki hiyo wakishachukua uraia wa nchi inayostahili.

Kumbuka kwamba wanahesabiwa walioandikishwa, si wakazi. Mtaa wenye watu wazima 10,000 ambao 3,000 hawakujiandikisha unachorewa ramani kama mtaa wa watu 7,000. Ukijiandikisha leo utapiga kura uchaguzi ujao, ila mipaka haitakuona hadi mapitio mengine. Mitaa ya wapangaji, wanafunzi na wahamiaji ndiyo hupungukiwa zaidi, na kurudi kwenye kaunti za kale hakungebadili hilo hata chembe.

(Msomaji mwingine wa Leicester ameuliza kwa nini jimbo lake linaitwa la mji na la binamu yake la kaunti. Hilo halina uhusiano na kaunti za kale. Ni aina mbili za majimbo, za mijini na za vijijini, na tofauti yake hasa ni fedha. Kwenye uchaguzi wa 2024 mgombea aliruhusiwa kutumia paundi 11,390, pamoja na peni 8 kwa kila mpiga kura mjini au peni 12 kwenye jimbo la kaunti. Kwa wapiga kura 73,000 ni paundi 17,230 dhidi ya 20,150.)

SWALI (Reading): Kikundi chetu kinataka kupeleka pendekezo Tume ya Mipaka, tukitumia mpaka wa kale wa Berkshire. Tuliandikeje lisitupwe?

JIBU: Mnayo nafasi ya kujiandaa. Ripoti ijayo inatakiwa kabla ya tarehe 1 Oktoba 2031. Mara iliyopita England walipokea maoni kwa awamu tatu: wiki nane baada ya mapendekezo ya awali ya Juni 2021, wiki sita zenye mikutano ya hadhara mapema 2022, na wiki nne mwishoni mwa 2022 baada ya marekebisho. Wiki nane za mwanzo ndizo zenye nguvu. Kufika wiki nne za mwisho mipango imeshafungamana kiasi kwamba jiwe moja likiguswa ukuta mzima unatikisika. Baada ya ripoti hakuna wa kumkimbilia bungeni, kwa kuwa tangu sheria ya 2020 wabunge hawaipigii kura.

Barua inayosema "sisi ni Berkshire tangu enzi" itasomwa, itahesabiwa, na haitabadilisha kitu. Pelekeni jedwali: jina la kila kata, msimbo wake, wapiga kura wake, na jumla ya kila jimbo ikiwa ndani ya kiwango cha wakati huo. Halafu, hili ndilo husahauliwa, onyesheni kinachowapata majirani. Mkiirudisha Abingdon kwenye jimbo la Berkshire, mmepunguza wapiga kura wa jimbo la Oxfordshire walikotoka. Andikeni lile jimbo linajazwa na nani, na aliyetolewa huyo anaachiwa nini, hadi mnyororo ufungike. Tume huigawa England kwa kanda tisa, na hugoma kuvuka kanda. Abingdon na Reading zote ziko kanda ya Kusini Mashariki, kwa hiyo hapo mna bahati.

Mpaka wa kale msiulete kama hoja peke yake. Uleteni kama dalili ya mafungamano ya leo: watoto wa Abingdon wanasoma wapi, basi namba ngapi linakwenda wapi, watu wanalazwa hospitali gani, soko la Jumamosi liko mji upi. Mkikuta kwamba vyote hivyo vinaelekea Oxford, na msishangae mkikuta hivyo, iacheni Abingdon na nguvu zenu mzipeleke Slough au kwingineko mpakani ambako ushahidi mnao. Na faili la ramani liambatanisheni kwa mfumo ule wa 27700. Picha ya simu ya ramani iliyochorwa kwa kalamu hakuna wa kuikokotolea.